Nani Aliua Kamba wa Mama Pacha?

Mama Pacha aliuza kamba hai, wale wanaorukaruka. Aliwaweka uani, ndani ya beseni la maji ya bahari. Asubuhi moja alilifunua, akaguna. Kamba wote walikuwa wamelala ubavu. Wamekufa!

Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwa wifi yake, dada wa mumewe. Jana yake wifi alifulia karibu na beseni. Tena wawili hao hawakuiva chungu kimoja.

"Wifi, ulimwaga nini humu?"

"Mimi? Sikumwaga kitu."

"Basi kamba wamejinyonga?"

Siku ile Mama Pacha hakugusa chai, maana wifi ndiye aliyeipika. Aliinusa sabuni. Alichungulia ndoo. Wifi akikohoa, yeye alisikia kicheko. Mchana wifi akaanza kufunga nguo zake.

"Nyumba ya kuviziana siiwezi," alisema.

Mama Pacha akamwita jirani yao, afisa uvuvi, awe shahidi. Afisa hakuuliza habari za wifi. Alichutama mbele ya beseni. Juu ya jiwe lililokuwamo alimwona mdudu laini, mweusi, mwenye mistari ya buluu na vinundu vya manjano.

"Huyu katoka wapi?"

"Si ua la bahari hilo?" mume wa Mama Pacha alijibu kwa aibu. "Nililiokota jana miambani, pamoja na jiwe lake, nikalitia humu. Nilitaka kumfurahisha mke wangu."

"Si ua, bwana. Ni konokono wa baharini asiye na gamba. Hana pa kujificha, kwa hiyo sumu ndiyo kinga yake. Rangi hizo zinawaambia samaki: msinile! Akisumbuliwa hutoa ute wenye sumu. Baharini maji ni mengi, ute hupotea. Kwenye beseni, unaua."

"Na kamba hawa?"

"Msile, msiuze. Wafukieni. Osheni beseni, mnawe kwa sabuni. Konokono mrudisheni alikotoka, ila msimshike kwa mkono."

Mama Pacha alimgeukia wifi.

"Nimekusingizia, wifi yangu. Nisamehe."

"Yameniuma," wifi alisema. "Siku nyingine chunguza kwanza." Akaanza kufungua mzigo.

Tangu hapo hawaweki kiumbe kingine kwenye beseni la kamba, na kamba wao hufika sokoni wakiwa hai. Mume naye akiona kitu kizuri miambani, hakiokoti. Huwaita mkewe na dada yake, wakakitazame huko huko majini.