Bei za Mama Nafuu

"Sabuni hii umeichukua kwa kiasi gani?"

Seremala alikuwa amekiweka kipande cha sabuni kiganjani, anakitazama kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata. Mkewe hakugeuka. Aliendelea kumenya vitunguu.

"Mia nne."

"Mia nne? Pale karibu na karakana wanauza mia saba, tena muuzaji amenuna."

"Inategemea unaongea naye vipi."

"Na majani ya chai?"

Akamtajia. Na mafuta? Akamtajia. Seremala akacheka peke yake. Wanaume wengine wakirudi kazini huuliza chakula. Yeye aliuliza bei kwanza, na bei zile zilimshibisha.

"Wenzangu wanasema nimeoa soko zima," alisema. "Wamekupa na jina. Mama Nafuu."

Mama Nafuu akatabasamu huku machozi yakimtoka. Vitunguu vina faida zake.

Sabuni ile ilikuwa mia saba. Ilikuwa mia saba kila duka, kwa mwenye mdomo wa asali na mwenye mdomo wa shubiri. Zile mia tatu alizitoa mwenyewe.

Mambo yalianza mwaka wa pili wa ndoa, bei zilipopanda na mshahara wa karakana ukabaki palepale. Jioni moja alimsomea mumewe bei zote kama zilivyo. Asubuhi yake Seremala akasema sukari haimpendezi tena kwenye chai. Wiki iliyofuata akaacha kula mchana kazini, na mkanda wake ukaongezwa matundu mawili kwa msumari. Alipoulizwa, alijibu kwa upole uliomtisha mkewe kuliko ugomvi:

"Siku nikishindwa kukulisha, nitakurudisha kwa baba yako kwa miguu yangu, nimwombe radhi."

Tangu siku hiyo, bei zikaanza kushuka ndani ya nyumba yao peke yake. Kilichopungua alikijazia kwa pesa za mapazia aliyoshona mchana kwa Shangazi yake. Seremala alidhani mkewe huenda kule kumtungia bibi yule uzi kwenye sindano, maana macho yake yamechoka. Ulikuwa uongo mdogo kama punje ya chumvi, na kama chumvi, nyumba ilikolea. Mumewe alirudi kula. Alirudi hata kupiga mluzi.

Jioni ile ya sabuni, Seremala akatoa karatasi mfukoni.

"Nimekuletea kazi. Wako saba. Kila mmoja ameandika anachotaka na pesa ametoa. Kwa bei zako."

Kisu kikasimama.

"Bei zangu?"

"Zile unazopata wewe. Mbona umepoa? Kamanda mwenyewe amekuwa wa kwanza." Kamanda ndiye msimamizi wa karakana; jina alipewa kwa sauti yake. "Ameniambia mbele ya watu, 'Fundi, hazina kama hiyo usiifungie ndani.'"

"Muuza duka hatakubali kwa watu wengi hivyo."

"Kwako atakubali. Nimeshawaahidi, mke wangu. Usiniangushe."

Neno likampanda hadi kwenye meno, likarudi lilikotoka. Akaipokea karatasi.

"Kwa hiyo sasa unalisha karakana nzima," Shangazi alisema kesho yake, pazia limejaa mapajani. "Mume mmoja hakukutosha?"

"Shangazi, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Mwambie."

"Ataacha kula tena."

"Aache. Njaa itamrudisha mezani. Hakuna mwanamume aliyewahi kufa kwa kusikia bei ya sukari."

"Humjui."

"Na wewe unamjua? Unamjua yule unayemdanganya. Yule mwingine hujawahi kukutana naye."

Mama Nafuu akainamia pindo. Wiki tatu alishona hadi ncha za vidole zikawa ngumu kama kwato. Wiki ya pili aliuza hereni zake. Wiki ya nne hakuwa na cha kuuza, akamwambia mumewe kwamba dukani hakuna sabuni. Kamanda hakuwa mtu wa kusubiri sabuni. Akaenda dukani mwenyewe.

Mama Nafuu alisimuliwa baadaye na muuza duka, kijana asiye na mke, mpenda mzaha.

"Aliniambia, 'Nipe sabuni ya mia nne.' Nikamwambia labda niikate katikati. Akasema, 'Ile unayompa mke wa fundi wangu.' Dada, mimi nikacheka tu. Nikamwambia, hapa hata mama yangu mzazi ananunua mia saba. Sasa yeye akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwani, akaondoka bila sabuni."

Kicheko kile ndicho kilichofika karakana. Maneno yalidondoka njiani.

Alasiri hiyo simu ya Mama Nafuu iliingia ujumbe wa mumewe: "Nikirudi nikukute ndani." Haukuwa na "mke wangu" mwanzoni. Haukuwa hata na nukta.

Seremala aliingia na vumbi la mbao nywelini, akabaki amesimama.

"Unamlipa nini yule kijana?"

"Namlipa bei yake."

"Kamanda amekwenda. Bei yake ni mia saba kwa kila mtu. Wewe mia nne. Karakana nzima leo wananiuliza hiyo mia tatu inakatwa wapi. Wananiuliza huku wanacheka, unanielewa?"

Hapo ndipo alipoona njia zote mbili. Akinyamaza, ni mke wa watu wote. Akisema, anamvua mumewe nguo. Aliketi kwanza.

"Namlipa mia saba. Sijawahi kupunguziwa hata mara moja."

"Kwa pesa gani? Ninayokuachia naijua."

"Nashona mapazia kwa Shangazi. Miaka miwili sasa."

"Mapazia."

"Mpigie."

Alipiga, akaweka sauti kubwa. Shangazi hakuzunguka.

"Mwanangu, mkeo anashona hapa tangu ulipoacha kula sukari. Wewe umeshiba, na wenzako wameshiba. Ukitaka kumpiga, njoo unipige mimi kwanza, nina miguu mibovu, sitakimbia."

Simu ikakatika. Seremala akaketi upande wa pili wa meza. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo.

"Heri ungekuwa naye."

"Unasema nini?"

"Heri ungekuwa na yule kijana. Hilo ningejua la kufanya."

"Mume wangu, nilikuwa nakuhurumia."

"Ndiyo. Nimesikia. Kila jioni nilikuuliza bei, na kila jioni ulinihurumia."

Hakumpiga, hakumfukuza. Alikula, akalala upande wa ukutani, asubuhi akaenda kazini. Jioni hakuuliza bei ya kitu chochote. Siku ya pili vilevile. Mama Nafuu akajipa moyo kwamba kidonda kikinyamaza kinapona.

Lakini huko nje watu walikuwa wanaongea. Bombani wanawake walinyamaza alipotua ndoo. Jirani yake, aliyezoea kuja kuazima chumvi bila hodi, siku hizo alikuwa na chumvi tele. Muuza duka akamwomba, kwa adabu na macho chini, awe anamtuma mtu mwingine.

"Si kwa ubaya, dada. Nina mchumba, wameshamfikishia."

"Mume wangu anajua ukweli," Mama Nafuu alimwambia. "Subiri kidogo. Atawaambia wenzake."

Jumapili akakutana na Kamanda njiani. Mzee yule akavua kofia.

"Mama, Mungu amekupa mume. Nakwambia kama baba yako. Mwingine angekutupia virago barabarani."

"Kwa nini, mzee?"

"Tusiyafukue. Yeye mwenyewe kasimama mbele yetu Ijumaa, akasema, 'Amekosa, nimemsamehe, yaishe.' Vijana wamenyamaza kabisa. Sasa wanamheshimu kuliko mwanzo."

"Amenisamehe kosa gani?"

Kamanda akavaa kofia yake. "Mtunze," alisema, akaendelea na safari.

Alimkuta mumewe anapiga randa mguu wa kiti uliokuwa unayumba. Maranda ya mbao yalikuwa yamejaa sakafuni.

"Umewaambia nini karakana?"

Randa ikasita. "Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Nilitaka waache kucheka."

"Ukawaambia umenisamehe."

"Ningewaambia nini? Kwamba mke wangu ananilisha? Kwamba na sabuni zao wameoga kwa jasho lako? Nitakaa vipi pale?"

"Na mimi ninakaa vipi hapa?"

"Maneno ya mtaani yanaisha."

"Kwako yameisha. Yameishia kwangu."

Seremala akashika kichwa. Mikono yake mikubwa ilijaa vumbi la mbao, na Mama Nafuu, hata wakati ule, alitamani kuishika. Ndiyo ilikuwa taabu yake. Moyo wake haukuwa na akili.

"Sikuombi kitu kikubwa," alisema. "Chukua simu. Mpigie Kamanda sasa hivi, mimi nikiwa nimekaa hapa. Mwambie mke wako hakuwa na mtu. Mwambie alishona. Ukimwambia hayo tu, mimi nitapika chakula cha jioni, na hatutayataja tena mpaka tuzeeke."

"Ukishasikia nimesema, utafurahi?"

"Nitabaki."

Seremala akaichukua simu. Akatafuta namba kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayetafuta kibanzi kwenye ngozi. Akabonyeza, akaweka sauti kubwa. Mara moja ikaita. Mara mbili.

"Eh, fundi," sauti ya Kamanda ikajaa chumba. "Habari za Jumapili? Nimeonana na mama leo, nimempa maneno mawili ya mzazi. Naona sasa mmetulia."

Seremala akamtazama mkewe. Mama Nafuu hakupepesa.

"Fundi? Upo?"

"Nipo, Kamanda."

"Sema basi."

"Nilikuwa nataka..." Akautazama mguu wa kiti. "Kesho nitachelewa kidogo."

"Hamna shida. Msalimie mama."

Simu ikakatika. Seremala aliendelea kuishika, kioo kimegeuka cheusi.

"Nitamwambia ana kwa ana," alisema. "Kwenye simu haikukaa vizuri. Naapa, mke wangu. Kesho."

"Kesho unachelewa," Mama Nafuu akasema. "Umeshamwambia."

Aliingia chumbani. Nguo zake zilitosha mfuko mmoja, kwa maana miaka miwili hakujinunulia nguo. Alipotoka, mumewe alikuwa amesimama mlangoni, lakini pembeni, ameacha nafasi ya mtu kupita.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Shangazi."

"Utarudi lini?"

"Karakana wako saba, Kamanda akiwemo. Ukimwambia mmoja tu, mimi nitasikia kabla ya jua kuzama. Sitahitaji kupigiwa simu."

Akapita. Bombani wanawake walikuwa wamepanga ndoo, mazungumzo yakakatika kama kawaida. Akawasalimia wote, mmoja mmoja, akasubiri kila mmoja aitikie. Wiki zikapita pindo baada ya pindo. Kila jua lilipozama, Shangazi alimuuliza kwa nyusi tu, naye alitikisa kichwa, akatunga uzi mwingine.