Msimamizi Hayupo Nyumbani

Asubuhi ile ya Jumamosi, ndugu zangu, nyumba ya majirani zangu ilikuwa imetulia. Baba mwenye nyumba, fundi wa majokofu, alikuwa kazini. Mkewe, ambaye ni mkunga, aliketi mbele ya kompyuta ya sebuleni, chai pembeni. Alikuwa na mtihani wa kuhuisha leseni yake, unaofanywa kwa mtandao, na saa sita mchana ungefungwa. Bila leseni hiyo asingeruhusiwa kuzalisha.

Programu ya mtihani ilimtaka aisasishe kwanza. Akabofya. Kompyuta ikamjibu: "Huna ruhusa ya kubadilisha folda hii. Wasiliana na msimamizi."

Wifi yake, aliyekuwa akipiga pasi, alicheka. "Msimamizi si ndiye kaka yangu huyo?"

Ndiye hasa. Kompyuta ilipoingia nyumbani, fundi alijifungulia akaunti ya usimamizi, akampa mkewe ya mtumiaji wa kawaida. Wakaanza kumwita Msimamizi kwa utani, naye utani ukamkolea. Akawa wa kuulizwa hata kochi likitaka kusogezwa. Jibu lake lilikuwa moja: "Subiri nije."

Mkunga alimpigia simu akamwomba nenosiri. Fundi, akiwa ndani ya chumba cha baridi, alisema nenosiri halitajwi kwenye simu. Hapo alikuwa na hoja, wala simlaumu. Ninachomlaumu ni hiki: mkewe alimweleza habari za mtihani mapema, akaomba kompyuta iandaliwe, na jibu likawa lile lile. Sasa alilirudia.

"Subiri nije."

Mkunga hakukaa kulia. Alizima kompyuta, akaiwasha. Akajaribu kuifungua programu kwa njia nyingine. Ikadai nenosiri la msimamizi. Wifi yake akauliza kama shida si mtandao.

"Wifi nyote wawili mpo, wewe na wa mtandao," mkunga alisema bila kugeuka. "Ninachokosa ni ruhusa."

Fundi aliingia akihema, jasho likimtiririka. Saa sita ilikuwa imeshapita. Alipousoma ujumbe wa kufungwa kwa mtihani alivuta kiti kwa haraka ya mtu mwenye hatia. Akataka kufungua mafaili yote ya kompyuta kwa kila mtumiaji, yaishe.

Mkewe alimshika mkono. "Hapana, baba watoto. Jana ulifunga kila kitu, leo unataka kuacha kila kitu wazi. Soma ujumbe. Umetaja folda moja."

Akausoma. Folda ilikuwa mali ya akaunti yake. Akaipa akaunti ya mkewe ruhusa ya folda hiyo, hiyo tu. Sasisho likakamilika kabla hajamaliza kuvua viatu. Hakuna aliyeshangilia.

Hadi mtihani uliofuata, mkunga alihamishiwa mapokezi. Kazi yake ikawa kuwaelekeza wajawazito kwenye mlango ambao yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuuingia. Baadhi yao walikuwa wakimngojea yeye kwa jina.

Lakini alasiri ile ile ya Jumamosi mkunga hakuinuka kwenye kiti. "Sasa nifungulie akaunti ya usimamizi," alisema. "Sisubiri tena."

Fundi aliifungua. Kompyuta ilipodai nenosiri jipya, alisimama bila kuambiwa, akageukia ukuta. Mkewe akaandika. Mtihani uliofuata ulipokaribia, programu aliisasisha mwenyewe siku moja kabla, akafanya, akafaulu, akarudi wodini.

Funzo

Wenye nyumba wenzangu, ufunguo mlikabidhiwa ili mfungue. Anayeshika ruhusa za wengine awape wanazozihitaji kwa kazi yao, mapema, wala asizimwage zote kwa sababu ya aibu. Na kompyuta ikikuambia huna ruhusa, soma imetaja nini, kisha tazama vizuri: huenda aliyekunyima umeketi naye meza moja.