Bendera ya Kijani Nyuma ya Kiti cha Mwamuzi

Saa kumi na dakika kumi alasiri, Jumamosi tarehe 14 Agosti 1971, bendera za mashabiki zilishuka zote kwa pamoja katika uwanja wa tamasha la muziki la Nakuru, na watu wa mbele wakamwona mwamuzi, Bi. Kanchan, ameanguka kifudifudi juu ya meza yake. Damu ilimtoka kisogoni. Nyuma ya kiti chake, nyasini, ililala bendera ya kijani ya bendi ya Bondeni, na kitako cha mti wake kilikuwa kimelowa damu.

Inspekta Kipsang alifika saa kumi na dakika ishirini na tano. Kabla ya jua kutua alikuwa amewahoji watu thelathini na mmoja, na wote walisema neno moja. Kundi la Molo lilipomaliza kuimba, watu walinyanyua bendera, uwanja ukawa vitambaa vitupu, na katikati ya vitambaa hivyo bendera ya kijani ilionekana ikisogea kuelekea meza ya mwamuzi. Nani aliibeba? Darweshi, basi. Nani mwingine huibeba?

Wa kwanza kulitaja jina hilo alikuwa Mastura, fundi cherehani wa Bondeni, aliyezishona bendera zote za tamasha. Alilitaja kabla hajajua kwa nini anaulizwa. "Nilimwona Darweshi akipita," alisema, na askari akaandika. Darweshi ni mtoto wa kaka yake. Amemlea tangu ana miaka sita.

Kijana mwenyewe alijitetea vibaya. Alisema alikwenda kuswali alasiri nyuma ya tangi la maji, peke yake. Bendera aliiegemeza kwenye ua kwa sababu aliona haya kusimama mbele ya Mungu na bendera ya bendi. Aliporudi hakuikuta. Hakuna aliyemwona akiswali. Lakini wengi walikumbuka jinsi alivyomfokea Bi. Kanchan mwaka uliopita, Bondeni waliponyimwa ushindi kwa alama mbili. Usiku ule Darweshi akalala mahabusu.

Jumapili saa tatu asubuhi Mastura aliitwa kituoni kuitambua kazi ya mikono yake. Njiani alijiuliza alichokiona hasa, na kila alipojaribu kuuona uso wa Darweshi pale uwanjani, aliona kijani tu. Sasa alikuwa amemwona au hakumwona? Na kama hakumwona, mbona alisema?

Inspekta Kipsang alikuwa mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliiweka bendera mezani.

"Mama, hii ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Bi. Kanchan yuko hai. Anaongea, lakini hakumbuki chochote cha siku nzima ya jana. Akizidiwa, kijana wako atashtakiwa kwa mauaji. Nataka ulijue hilo kabla hujanijibu."

Mastura aliishika bendera. Vidole vyake vilipita pembeni, kwenye upindo ambamo mti huingizwa, vikakwama. Mshono ulikuwa umefumuka karibu shibiri nzima, na uzi haukuwa umechakaa. Ulikuwa umekatika kwa kuvutwa.

"Hii imelazimishwa," alisema.

"Imelazimishwa vipi?"

Alimweleza. Mwaka uliopita mti wa bendera ulimchoma jichoni Daksha, binti wa mwenyekiti wa tamasha, Bwana Harjit. Tangu hapo Harjit alitaka bendera zipigwe marufuku, na kamati ikamtuliza kwa sharti moja: kila bendera ishonwe na fundi mmoja, upindo wake uzibwe juu ili ncha ya mti isitokeze, na umbane mti barabara usichomoke. Kwa hiyo kila kundi lilimletea Mastura mti wake akaupima. Molo walileta mwanzi. Kwaya ya Mwangaza walileta mpini wa jembe. Bondeni hawakuleta kitu, akawapa mpini wa ufagio wake mwenyewe, mwembamba kama kidole gumba.

"Huu hapa si mpini wa ufagio," alisema, akaugusa ule mti uliokuwa na damu. "Angalia unene wake. Ufagio wangu uko wapi?"

Kipsang aliupima ule mti kwa vidole. "Labda kijana alibadilisha mwenyewe. Alitaka kitu kizito."

Hilo nalo liliwezekana. Mastura aliona aibu kwamba liliwezekana.

Bendera nyingine zilikuwa wapi? Ghalani kwa Harjit, Kipsang alisema. Kila mwaka kamati huzikusanya mlangoni jioni, zikiwa na miti yake, ndipo watu watoke. Ufunguo anao Harjit peke yake. Hapo Mastura alianza kumfikiria Harjit. Ni nani aliyesema mbele ya kamati nzima kwamba bendera zitakuja kuua mtu? Ni nani angefurahi zaidi kama zingeua?

Harjit aliwafungulia ghala lake la mbao bila kuuliza neno. Alikuwa mzee mpana, kilemba chake cheupe kimejaa vumbi la msumeno.

"Unanishuku mimi, mama," alimwambia Mastura. "Hata mimi ningejishuku. Lakini mimi nilikuwa jukwaani, nimeshika maikrofoni, watu elfu mbili wananitazama."

Ilikuwa kweli, na Mastura alijua ni kweli. Yeye mwenyewe alikuwa akimsikia wakati ule akiwasihi watu washushe bendera.

Aliinama kwenye rundo. Nyekundu ya Molo ilikuwa kwenye mwanzi wake. Bluu, nyeupe, zote sawa. Ya manjano, ya Mwangaza, ilikuwa imefungwa kwa kamba chini na katikati, kama mgonjwa aliyetiwa bandeji. Aliifungua kamba. Alipouinamisha mti, kitambaa kilichomoka chenyewe, kwa kuwa upindo ulikuwa mpana na mti ulikuwa mwembamba. Karibu na kitako cha mti palikuwa na alama nyeusi ya moto, mahali ambapo ufagio uliwahi kuangukia jiko lake la makaa.

"Inspekta," alisema. "Huu ndio ufagio wangu."

Kipsang alimwomba anyamaze mpaka kesho yake. Halafu akatoa mfukoni karatasi ya alama ya Bi. Kanchan, akaitazama upya, kama mtu anayesoma barua aliyodhani amekwisha kuielewa. Makundi yote yalikuwa na alama isipokuwa Mwangaza. Jana alidhani mwamuzi hakupata nafasi ya kuwapa. Lakini Mwangaza ndio walioimba wa kwanza, saa tano asubuhi.

Jumatatu saa nne asubuhi kamati ilikutana ukumbini kuamua kama bendera zipigwe marufuku. Viongozi wa makundi walikuwepo wote. Wangare wa Molo alisema wakulima wake wameshuka kutoka kwenye baridi kwa lori, na bila bendera nani angejua kwamba Molo walikuja? Harjit alisema jicho la mwanawe halitarudi kwa sababu Molo walijulikana.

Kisha akasimama Joash, kiongozi wa Mwangaza, mwanamume mtanashati mwenye sauti ya kuimbia. Alizitetea bendera vizuri kuliko wote.

"Kijana mmoja alipandwa na hasira," alisema. "Afungwe yeye. Kitambaa kina kosa gani?"

Watu walipiga makofi. Mastura, aliyekaa nyuma, aliona mikono yake nayo inataka kupiga, akaikalia.

Kipsang aliinuka pembeni. Aliuliza kwa upole ni nani aliyeibeba bendera ya Mwangaza siku ile.

"Mimi mwenyewe," Joash alisema.

"Ulimwachia mtu?"

"Haikutoka mkononi mwangu, afande. Kutoka saa saba mpaka nilipoirudisha mlangoni. Waulize watu, waliiona."

"Waliiona, ndiyo. Saa kumi na dakika kumi ilikuwa wapi?"

"Kulia kwa jukwaa. Mkononi mwangu."

"Na mti wake?"

"Mti?" Joash alicheka kidogo. "Ndani ya bendera, afande. Mti hukaa wapi kwingine?"

Kipsang alimwita Mastura. Alikuja mbele akiwa na bendera mbili, akaziweka mezani. Alieleza kama anavyomweleza mteja kwa nini gauni halimkai. Huu mpini wa jembe aliupima yeye, mwezi wa saba, kwa bendera ya manjano. Sasa umekutwa ndani ya bendera ya kijani, umeupasua upindo, una damu. Na huu wa ufagio aliutoa nyumbani kwake, akampa Darweshi. Sasa umekutwa ndani ya bendera ya manjano, umefungwa kamba isidondoke.

"Bendera yako haikutoka mkononi mwako," Kipsang alimwambia Joash. "Basi nieleze mti wako ulitokaje."

Joash aliitazama ile kamba.

"Darweshi aliuazima kwangu," alisema.

"Saa ngapi? Umesema hukumwachia mtu."

Kipsang alimsogezea karatasi ya alama. "Hapa kwenu hapana kitu. Kwa nini?"

Joash aliketi. Alipoanza kusema, aliongea na meza. Wimbo wao haukuwa wake. Uliandikwa na Chepngeno, mwanafunzi wa zamani wa Bi. Kanchan, naye Joash akaukuta katika daftari kuukuu la shule. Kanchan aliutambua kwenye ubeti wa kwanza. Wakati wa chakula cha mchana alimwambia angelitaja jina la mwenye wimbo jukwaani, kabla ya matokeo. Mshindi angekwenda Nairobi kurekodi sahani ya santuri. Joash alikuwa na miaka thelathini na minane, na hakuwa na wimbo mwingine.

Aliiona bendera ya kijani imeegemezwa kwenye ua. Mpini wa ufagio haungemwangusha mtu, kwa hiyo akaihamishia kwenye mti wake. Alipita katikati ya watu, na hakuna aliyeutazama uso wake. Alipiga kwa kitako cha mti, akaitupa, akarudi kwenye ua kuuvisha ufagio bendera yake.

"Nilitaka azimie tu," alisema, "mpaka matokeo yasomwe."

"Na Darweshi?" Mastura aliuliza.

Joash alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ndiye uliyemtaja, mama. Mimi sikumtaja."

Kura ya bendera haikupigwa. Harjit aliahirisha kikao, akasema asubuhi alijua anachopinga, sasa hajui tena. Kama si bendera, Joash asingefika pale kitini. Kama si bendera, asingekamatwa. Wangare alimwambia aende kwanza akanywe chai.

Saa nane mchana Darweshi alitolewa. Mastura alimngoja nje ya kituo, wakashika njia ya Bondeni, kijana mbele, shangazi nyuma kidogo. Walipita maduka mawili. Muuza duka mmoja alimpungia Darweshi mkono kwa furaha kubwa kupita kiasi, naye hakuujibu.

"Shangazi," alisema bila kugeuka. "Inspekta aliniambia ni wewe uliyesema."

"Ni mimi."

"Uliniona?"

"Sikukuona. Niliona kijani, ulimi ukasema jina lako."

"Lakini uliamini?"

Angeweza kusema hapana. Kijana alikuwa amepunguza mwendo, anamngoja aseme hapana.

"Kutoka Jumamosi jioni mpaka Jumapili asubuhi," Mastura alisema, "niliamini."

Darweshi alisimama katikati ya njia. Baiskeli iliwapigia kengele, ikawakwepa. Kisha akanyoosha mkono, akauchukua mkoba begani kwa shangazi yake, akautia begani mwake, wakaendelea na safari.