Bikira Ndani ya Pamba Fifi

Honda XL ya Masalu ilipaa juu ya daraja la Kasoli kama swala aliyeona moto.

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni mwa mpelelezi huyo, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Kunguru, uko wapi?"

"Mkiani mwa lori la Fiat, mkuu," Masalu akajibu.

"Akivuka mpaka wa Sirari, mchoro hatuuoni tena. Na yule katekista atafungwa."

Masalu akaongeza moto.

Katekista mwenyewe ni Selestini, mtunza sanduku la parokia. Mchoro wa Bikira Maria, uliochorwa Italia kwa chaki nyekundu miaka mia nne iliyopita na kuletwa na padri wa kwanza, ulikuwa umetoweka humo. Ufunguo alikuwa nao yeye. Waumini waliokuwa wakimwita mwalimu sasa walimwita mwizi, naye alikuwa mahabusu akingoja kesi.

Masalu hakusadiki. Jicho lake lilikuwa kwa Renzo, Mtaliano aliyeingia na soko huria, akalala parokiani wiki mbili, akanunua pamba fifi, ile chafu, kwa bei ya safi huku anatabasamu.

Mfanyabiashara mjinga namna hiyo hajazaliwa.

Kizuizi cha Nyashimo kikalisimamisha lori. Masalu aliruka kabla pikipiki haijasimama, na anayebisha akawaulize watu wa Nyashimo.

Renzo akashuka kwenye lori, akatoa kibali chenye mihuri mitatu. "Magunia sitini. Fungua hata moja, nampigia simu mkubwa wako."

Koplo wa kizuizi akatazama Seiko yake. "Afande, kibali ni halali. Nakupa dakika kumi."

Dakika kumi. Magunia sitini.

Beretta, bastola yake ya kwapani, haipekui magunia.

Masalu akainua macho. Magunia yalikuwa yamelegea kama matumbo ya njaa. Kando ya barabara, wanawake walipanga foleni kwenye banda la kuuzia pamba. Akamwendea mkubwa wao, Nyanjige, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu! Mzigo ule umeshindiliwa?"

Nyanjige akacheka mpaka akashika kiuno. "Ule? Mzungu kabeba mito ya kulalia!"

"Basi msaidieni. Shusheni, mkanyage. Hatufungui hata moja."

Msukuma haachi pamba iliyolegea ipite mbele yake. Wanawake kumi na wawili walilivamia lori, wimbo juu, miguu chini. Gunia la kumi. La ishirini. Renzo akawasha Marlboro upande wa kichungi.

Shati la Masalu lililowa mgongoni. Wakikosea mguu mmoja, miaka mia nne inakuwa unga.

Gunia la thelathini na tatu likalazwa. Nyanjige akakaza kanga, akainua mguu.

"Hilo hapana! Kioo! Kioo, mama!" Renzo akapayuka.

Nyanjige akashusha mguu kando ya gunia.

Mkono wa Renzo ukaingia kotini. Kabla haujatoka, Beretta ya Masalu ilikuwa imeshafika sikioni mwake.

"Fungua mwenyewe, bwana."

Katikati ya fifi, ndani ya fremu yake, Bikira alikuwa anamtazama mwanawe, kioo kizima. Koplo, Mprotestanti wa kuzaliwa, akavua kofia.

Masalu akabonyeza redio. "Mkuu, mfungulieni Selestini. Na mumwombe radhi mbele ya waumini wake."

"Na angenyamaza je, bhabha?" Nyanjige akauliza.

"Mngekanyaga, mayu. Na mimi ningelala selo moja na Selestini."

Akavaa miwani, akapiga Honda teke, akaondoka bila kugeuka.

Nyanjige akalisukuma kando gunia lililofunguliwa. "Haya, lete lingine!"