Mkebe wa Beloti

Mkebe haukuwa kwenye msumari. Ilikuwa Jumapili, mwaka 1953, misa imekwisha, na wachezaji walikuwa wamerudi nyumbani kwa Baba Léonard, mtaa uitwao Kenya, kumalizia fainali ya beloti, mchezo wa karata. Faustin, fundi cherehani aliyeandaa mashindano, alipapasa juu ya mlango mahali mkebe wa zawadi ulipotundikwa, akashika ukuta mtupu. Michango ya watu wote ilikuwa humo. 

Haki yake kuogopa. Brigadier Mutale, polisi wa cheo kidogo aliyekaa chumba kimoja peke yake mwisho wa njia ileile, alimweleza sheria tangu mwanzo: kucheza karata kwa zawadi si kosa, mradi chote kilichochangwa kimwendee mshindi. Nyumba ikila hata kidogo, mwandaaji anafungwa, na kibali chake cha kukaa mjini kinafutwa. Sasa mkebe umepotelea ndani. Nani angeamini kwamba Faustin hakuula? Mke na watoto wangepakiwa kwenye treni, wapelekwe kijiji ambacho watoto hawajakiona hata siku moja.

Mutale aliitwa, akaja bila kofia, kama jirani. Akasema wazi kwamba mkebe usipopatikana, kesho kwenye paredi ya polisi atatoa ripoti, apende asipende. Leo bado ana masikio ya kuwasikiliza.

Macho yote yakamwendea Jeannot, mwashi mwenye mdomo mrefu, aliyeshindwa mapema na kuapa kwamba wamemchezea rafu. Asubuhi ile alionekana akitoka uani kwa mzee wakati wenzake wako kanisani. Mutale akamvuta kando.

"Ulikuya kutafuta nini?"

"Moto, mukubwa. Makala yangu ilikatala kuwaka. Muzee alikuwa anapika munkoyo kwa mbabula, jiko yake ya makala, na ile chungu mukubwa balipikia kilio ya muke yake, Mama Edith. Alinipa moto, akaniambia nikae kidogo. Sikukaa."

Chumba cha Jeannot kikapekuliwa, na mwenyewe akawa anawaonyesha hadi chini ya godoro kwa hasira. Hakuna kitu. Mwingine akakumbuka suruali mpya ya Faustin. Masikini, ilikuwa ya mteja. Alikuwa akijaribu mshono wake.

Basi Mutale akaingia kwa Baba Léonard mwenyewe. Mzee huyu alifunga breki za treni miaka mingi mpaka mgongo ukakataa. Mkewe Edith alifariki mwaka uliotangulia, na mwanawe mmoja yuko mbali, mjini Kamina, haandiki. Mle ndani mlikuwa na kitanda, sanduku la marehemu ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa, na viti vinne. Uani chungu kilikuwa kimejaa uji wa mahindi, bado vuguvugu, na mizizi ya munkoyo imeshapondwa, inangoja kutiwa.

Mutale akainamia chungu. Munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi na mizizi, ukiutengeneza leo unanyweka kesho, na keshokutwa unakuwa mkali. Kila mtu wa mtaa huu anajua hilo. Akawaita wote.

"Baba, hii munkoyo ni ya nani?"

"Ya bachezaji."

"Bachezaji banamaliza leo. Kesho ni nani angekunywa chungu muzima?"

 Mutale akawakumbusha kanuni aliyoitangaza Faustin siku ya kwanza: zawadi ikipotea, watu wanachanga upya na kuanza toka mwanzo, kila jioni, katika nyumba hiihii.

"Ulipika asubui, Baba, kabla ya mutu yeyote kujua mukebe haiko. Weye tu ulijua batarudia."

Baba Léonard akaketi. Kisha akainuka taratibu, akafungua sanduku la Edith, akatoa mkebe chini ya vitenge. Bado ulikuwa umefungwa kwa uzi wa cherehani, fundo halikuguswa.

"Sikutaka feza," alisema. "Tangu Edith alikufa, nilikuwa nasemaka na mbabula. Mulikuya na karata yenu, mukacheka humu ndani. Nikasema, ikiisha leo, nitabakia na nani?"

Faustin akauchukua mkebe. "Na batoto bangu, Baba?"

"Sikufikiri batoto. Nilifikiri miye tu."

 Jeannot alitema mate nje, akaenda zake.

Mutale akaamua. Fainali ikachezewa uani kwa Faustin, mkebe ukafunguliwa mbele ya wote, mshindi akabeba vyote. Nyumba haikula kitu, kwa hiyo hakukuwa na kosa wala ripoti. Kabla hawajatawanyika akawaambia kwamba karata bila zawadi hakuna sheria inayozikataza, na chungu cha mzee kimejaa, waje kesho. Wakaitikia vizuri sana, wote.

Jumatatu jioni Mutale alipotoka kazini alipita pale. Viti vinne vimepangwa, vikombe vinne vimeoshwa, chungu hakijapungua. Hakuna aliyekuja. Alitaka kuaga tangu mlangoni, ila akakumbuka chumba chake mwisho wa njia, na kwamba hata yeye hakuna anayemngoja. Akaketi. Mzee akamjazia kikombe.

"Iko muzuri," Mutale akasema.

"Kesho itakuwa mukali."

Baba Léonard akachanganya karata, akagawa za watu wanne. Mutale akaokota zake. Za viti viwili vilivyobaki, mzee alizicheza mwenyewe.