Mgeni Ndani ya Pipa la Buluu

Kila Jumamosi asubuhi, Ivyne akishafua soksi zake na kupaka viatu rangi, yeye na mama yake hutoka nyumbani, mtaa wa Jamhuri jijini Nairobi, wakaenda mjini, dukani kwa Jabir muuza vitambaa. Mama yake, Mwalimu Naliaka, hufundisha katika shule moja huko Kileleshwa. Wengine wakimaliza kusahihisha madaftari hulala. Yeye hushona. Huunganisha vipande vya leso na vitenge mpaka viwe shuka za kitanda. Jabir humwekea mabaki ya wiki nzima kwenye kifurushi, na sheria ilikuwa moja tu: hakuna mkono unaogusa kifurushi kabla Ivyne hajachagua kipande chake.

Sheria hiyo ilidumu miaka minne, mpaka Mizuki alipokuja.

Mwaka uliotangulia, Mwalimu Naliaka alikwenda Japani pamoja na walimu wengine kwa majuma matatu, kuona watoto wa huko wanavyosoma. Alikaa nyumbani kwa kina Mizuki. Aliporudi alileta chai chungu ambayo hakuna aliyeimaliza, na tabia mpya: kila Alhamisi jioni alikaa na simu saa nzima akimfundisha Mizuki Kiswahili. Sasa Mizuki, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amefika Nairobi na walimu wake. Wao walilala hotelini katikati ya mji. Yeye alikuja kukaa siku tano Jamhuri, akapewa kitanda cha Ivyne.

Ivyne alipewa godoro sakafuni. Hilo angelivumilia. Lakini Mizuki alipovua viatu aliviweka sawasawa, ncha zikiangalia mlango, na Mama akasema, "Umeona, Ivyne?" Mizuki alikula ugali wote, na Mama akasema, "Umeona, Ivyne?" Halafu kulikuwa na hicho Kiswahili.

"Samahani, kitabu changu kimeanguka," Mizuki alisema.

"Kitabu yako iko chini ya meza," Ivyne akamjibu.

Kukhu, yaani nyanya yake Ivyne, alicheka mpaka akafuta macho. "Haya! Mmoja ametoka Japani na mwingine ametoka jikoni. Nani atamfundisha nani?"

Ivyne hakucheka.

Jumamosi ikafika. Wakaenda mjini watatu. Jabir alifungua kifurushi, na humo ndani mlikuwa na kipande cha leso ya manjano, manjano ya ndizi iliyoiva, ambacho Ivyne alikuwa amekingoja mwezi mzima ili akishone katikati ya shuka yake. Alinyoosha mkono.

"Ivyne," Mama akasema, "leo mwache mgeni achague kwanza."

Mizuki aliangalia, akaangalia tena, akachukua cha manjano.

"Na wewe, binti yangu?" Jabir aliuliza.

"Sitaki kitu," Ivyne alisema.

Sasa lazima mjue habari ya maji. Mtaani kwao maji ya mfereji huja Jumanne na Ijumaa tu. Kwa hiyo bafuni palikuwa na pipa kubwa la buluu, na maji yake ndiyo ya kunywa, ya kupika na ya kila kitu mpaka mfereji ulie tena. Wa kuoga huchota majagi mawili, akatia kwenye beseni, basi.

Jioni ile Mama alitoka kwenda kununua mboga za sukuma wiki. Mizuki akaja na taulo mkononi.

"Dada Ivyne, tafadhali, ninaoga wapi?"

Ivyne alimtazama. Akaona ile manjano imechungulia mfukoni mwa sweta yake.

"Kwa hilo pipa la buluu," alisema. "Sisi wote tunaoga huko. Tumia tu maji, usiogope."

Alitaka Mizuki ayamwage maji yote, Mama akirudi amgombeze. Ndivyo alivyopanga. Lakini Ivyne hakujua wanavyooga nyumbani kwa kina Mizuki. Huko, mtu hujisugua kwa sabuni pembeni, akajimwagia maji mpaka awe safi, kisha ndipo huingia ndani ya maji mengi na kukaa. Akitoka huyaacha, na mwingine huingia, mpaka watu wote wa nyumbani wamalize.

Dakika kumi baadaye Kukhu aliingia bafuni na sufuria, akitaka maji ya chai. Nyumba nzima ilisikia.

"Yesu wangu! Pipa limeota kichwa!"

Kichwa kilikuwa cha Mizuki. Maji yalimfika shingoni na meno yalikuwa yakigongana kwa baridi.

"Shikamoo, Kukhu," kichwa kilisema kwa adabu. "Karibu. Maji bado ni safi. Nilijisugua kwanza."

Msicheke bado. Mama alirudi, akayaona maji ya siku tatu yana povu dogo la sabuni likielea juu, akakaa juu ya ndoo. Kisha alimweleza Mizuki, aliyekuwa ametoka na kuvaa, polepole, kazi ya lile pipa.

Uso wa Mizuki ulibadilika. Aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Hakusema kwamba alielekezwa na mtu. Alikwenda chumbani, akaanza kukunja nguo zake na kuzitia ndani ya sanduku.

"Mwalimu, nimewaaibisha wazazi wangu," alisema. "Tafadhali nipeleke hotelini kwa walimu wangu."

"Hapana, mwanangu, kosa ni langu," Mama alimjibu. "Mwaka mzima nimekufundisha majina ya wanyama, nikasahau kukufundisha pipa." Lakini Mizuki alilia tu, akaendelea kukunja. Mwishowe Mama alichukua simu ili awaite wale walimu.

Ivyne alisimama mlangoni. Alikuwa amepata alichotaka: kitanda chake, mama yake, Alhamisi zake. Angenyamaza tu, na hakuna ambaye angejua. Lakini alimwona Mama akifuta macho kwa upindo wa leso, akijilaumu kwa kosa ambalo si lake.

"Mama, weka simu chini," alisema. "Ni mimi nilimwambia aoge humo. Nilijua."

Mama aliishusha simu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulimpa kitambaa changu! Na kila Alhamisi yeye anapewa saa nzima, mimi naambiwa, 'Ngoja, Ivyne.'"

"Hilo la Alhamisi ni kweli," Mama alisema. "Nitalirekebisha. Lakini kaa chini, nikuambie jambo. Siku yangu ya kwanza kwao, nilioga, nikaona adabu ni kusafisha. Nikazibua kizibo cha beseni lao kubwa la kuogea. Maji ya moto ya watu sita yakaenda zake! Nyanya yake Mizuki akasema kosa ni lake, hakunieleza. Hakuna aliyenicheka."

"Mimi nilicheka kidogo," Mizuki alisema, akivuta kamasi. "Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshavua soksi."

Kukhu alicheka hata akaangusha sufuria. Sanduku likafunguliwa tena.

Ivyne aliomba msamaha, akashika mkono wa Mizuki. Maji ya pipa yalitumika kupiga deki na kufua shuka, mengine yakaenda chooni. Jumapili baada ya kanisa, Ivyne aliteka maji kisimani kwa jirani yao, Mama Waringa, mitungi minane. Hiyo ilikuwa adhabu yake. Mizuki hakuambiwa asaidie, lakini alishika kila mtungi upande wa pili.

"Ivyne," Mama alimwambia pipa lilipojaa, "wivu humjia kila mtu, hata mimi hunijia. Ukikujia, njoo uniambie mwenyewe kwa mdomo wako. Usimtumbukize mtu mwingine kwenye pipa."

Jioni, Mizuki alileta mkasi, akakikata kile kitambaa cha manjano katikati, akampa Ivyne nusu, nusu yake akaiweka kitandani.

Ivyne alimshukuru sana. Kisha, Mizuki alipogeuka, akaziweka zile nusu mbili moja juu ya nyingine, haraka, kuona ipi ni kubwa.

Zilikuwa sawa.