Kelele Juu ya Paa

Fundi saa aliishi peke yake, ghorofa ya tatu. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake wa pekee alifanya kazi ya kufua shuka hotelini, nchi ya mbali. Kila Ijumaa saa kumi alasiri, binti alimpigia simu. Siku sita zilizobaki, fundi aliongea na saa za watu.

Shida ilikuwa mtandao. Sauti ya binti ilikuja vipande vipande.

"Baba, nime... daktari..." Simu ikakatika.

Wiki nzima fundi alikosa usingizi. Daktari wa nini? Kumbe lilikuwa jino tu.

Akanunua sokoni kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao. Kilikuwa na antena ya kufunga juu ya paa, na skrubu ndogo ya kurekebishia nguvu hiyo. Fundi mzima, skrubu imshinde? Akaizungusha mpaka mwisho.

Ijumaa ile sauti ya binti ilijaa chumba. Simu ilipoisha, fundi aliendelea kutabasamu mbele ya ukuta.

Lakini simu za mtaa mzima zikaanza kusumbua. Watu walikwenda hadi kona ya barabara ndipo waongee. Mkunga, aliyekaa chumba cha chini yake, alimwuliza, "Fundi, yako inashika?"

"Yangu? Kama kengele. Nunueni simu, acheni kununua makopo."

Alhamisi mkunga alipanda ngazi polepole, akasimama mlangoni.

"Mke wa seremala amejifungua sakafuni, peke yake. Amenipigia mara kumi na moja. Simu yangu haikulia hata mara moja. Mtoto mzima, tunashukuru. Lakini yule mama alidhani nimemtupa."

Fundi alitazama waya uliopanda kwenye dari. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Asubuhi akaja mkaguzi wa mamlaka ya mawasiliano, mwanamke kijana, kwa malalamiko ya mkunga. Mkononi alishika antena kama mfupa wa samaki. Antena ilimwongoza hadi kwa fundi.

"Shikamoo, baba. Kifaa cha juu ya paa ni chako?"

"Marahaba. Changu. Nimenunua, sikuiba."

"Sijasema umeiba. Kinapiga kelele. Mnara wa simu unasikia chako tu, wenzako hauwasikii."

"Kwani hewa ina mwenyewe?"

"Ina utaratibu. Mawimbi hayasimami mpakani kuonyesha pasipoti. Ndiyo maana mataifa yalikaa pamoja yakapanga masafa, yaani njia za mawimbi: haya ya ndege, haya ya meli, haya ya simu. Kisha kila nchi huzipa kampuni zake leseni, na hukagua vifaa."

"Binti yangu yuko mbali. Nimsikieje?"

"Sauti yake inafika hapa kwa sababu nchi zote za njiani zinafuata makubaliano hayo. Mtandao ukiwa hafifu, lalamika kwa kampuni yako. Wakupe namba ya malalamiko yako. Wakinyamaza, tuletee namba hiyo. Na kabla ya kununua kifaa, tuulize kama kimeidhinishwa."

"Leo ni Ijumaa, mama."

"Hata leo, baba."

Fundi alipanda juu ya paa, akakifungua kile kifaa mwenyewe. Saa kumi simu ililia mara moja, ikanyamaza. Giza lilimkuta bado ameishika.

Kesho yake alikwenda kwa mke wa seremala, akasema ukweli. Hakukaribishwa kiti. Alistahili.

Jumatatu alilalamika kwa kampuni. Wiki mbili wakanyamaza. Akapeleka namba kwa mkaguzi, na siku ya nne mafundi wakaja. Upepo ulikuwa umeigeuza antena moja ya mnara. Wakainyoosha.

Ijumaa, saa kumi kamili:

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia. Ngoja kidogo."

Chini yake, simu ya mkunga ilikuwa ikilia. Fundi alitulia mpaka akasikia mkunga akiitikia, mlango ukifungwa, na viatu vikishuka ngazi mbio.

"Haya, mwanangu," akasema. "Sasa niambie."